Seli Husikia, Hujibu, Kisha Hunyamaza

Hotuba kwa wahudumu wa afya wa vijiji na wakulima, Busia, Uganda

Mheshimiwa mwenyekiti wa baraza la mtaa (LC), viongozi wa dini mliofika, wahudumu wetu wa afya, wakulima, kina mama na kina baba, hamjambo? Itifaki imezingatiwa. Nitasema Kiswahili, kwa sababu hapa Busia nikisema Kisamia nitamwacha Mteso nje, nikisema Kiteso nitamwacha Mjapadhola, na nikisema Kiingereza nitawaacha wale hasa niliokuja kuonana nao.

Nimeombwa nizungumzie dawa za kupiga shambani na namna zinavyowadhuru watu. Nitafika huko. Lakini mimi nafundisha fiziolojia, yaani kazi za mwili, katika chuo cha wauguzi, na nimeona mara nyingi kwamba mtu akiambiwa tu "usifanye hivi", bila kuelezwa kinachotokea ndani ya mwili wake, maneno yale hayafiki naye nyumbani. Kwa hiyo leo tutaingia ndani ya seli, tusikie zinavyoitana na zinavyoitikiana. Mkishajua hilo, habari ya dawa itajieleza yenyewe.

Nianze na mjomba wangu.

Nilikuwa bado mwanafunzi, nimerudi nyumbani likizo. Mjomba alikuwa na shamba la nyanya karibu na kijito, na siku ile alikuwa ameazima pampu ya kubeba mgongoni. Mpira wa kifuniko chake ulikuwa umechakaa. Kila alipoinama, dawa ilimchuruzika mgongoni mpaka kiunoni. Dawa yenyewe aliuziwa dukani ndani ya chupa ya soda, haina hata karatasi ya maelezo. Alianza alfajiri. Saa tano jua limewaka, shati limegandana na mgongo, naye bado anasukuma mpini.

Tulimkuta amekaa chini ya mwembe. Udenda ulimtoka kama mtoto anayeota meno. Machozi, kamasi na jasho vilimwagika kwa pamoja, na suruali ilikuwa imelowa. Nikamfunua macho: mboni zilikuwa zimebana zikawa kama tundu la sindano, na hapo tulikuwa kivulini, mahali ambapo mboni hutanuka. Halafu nikamshika mkono. Nyama zilikuwa zinachezacheza zenyewe chini ya ngozi, hapa zikitulia pale zinaanza, kama kwamba panzi wamefungiwa humo ndani. Mpaka leo viganja vyangu vinaikumbuka ile hali.

Mmoja akasema amerogwa. Mwingine akasema amelewa. Bibi akaleta maziwa. Tukampakia kwenye bodaboda, mimi nikamshikilia kwa nyuma, tukaenda kituo cha afya. Muuguzi wa zamu alimtazama macho mara moja, akanusa shati, akauliza, "Alikuwa anapiga dawa gani?" Kisha akavuta dawa kwenye sindano, ile iitwayo atropini. Akamdunga. Akasikiliza kifua. Dakika chache baadaye akamdunga tena, kipimo kikubwa zaidi. Na tena. Mimi nilikuwa nahesabu vichupa vilivyolala kwenye sinia.

Usiku ule sikulala, na sababu haikuwa hofu peke yake. Nilikuwa najiuliza: maji ya dawa yaliyopita mgongoni yameingiaje kwenye mboni ya jicho, kwenye mate, kwenye kibofu na kwenye nyama za mkono, vyote kwa saa moja? Na yule muuguzi alijuaje kwamba sindano ya aina moja itavituliza karibu vyote?

Wale wenu waliokaa Buganda wanaujua mubala. Kila ukoo una mdundo wake wa ngoma. Ngoma ikilia juu ya kilima, sauti inawafikia wote walioko bondeni, anayelima, anayechota maji, aliyelala. Lakini anayeinuka ni mwenye ukoo, kwa sababu mdundo ule ni wake.

Homoni, yaani kemikali zinazobeba ujumbe ndani ya damu, hufanya kazi hivyo. Ukishtuliwa na nyoka njiani, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Damu haiichagulii njia. Ndani ya dakika moja hivi imezunguka mwili mzima, na adrenalini imepita mlangoni kwa kila seli. Zinazoitikia ni zile zenye kipokezi chake tu. Kipokezi ni protini iliyochomekwa kwenye utando wa seli, kichwa kiko nje na mkia uko ndani. Adrenalini haiingii. Inagusa kichwa, protini inajikunja kidogo, na ule mkia wa ndani unabadilika umbo. Habari imevuka ukuta, mleta habari amebaki nje. (Zipo homoni zenye asili ya mafuta, kama estrojeni na kotisoli, ambazo hupenya utando na kupokelewa ndani. Wauguzi walioko hapa wasije wakanisuta.)

Sasa angalieni jambo linalonishangaza hata baada ya miaka yote hii. Adrenalini ni moja. Moyo ukiisikia, unapiga kwa nguvu. Njia za hewa kwenye mapafu zikiisikia, zinalegea na kupanuka. Mishipa midogo ya damu ya utumboni inabana. Ini linaachia sukari. Ngoma ile ile, na mmoja anakimbia, mwingine analala, wa tatu anafungua ghala. Basi maana ya ujumbe haimo ndani ya molekuli. Imo kwa anayepokea: ana kipokezi cha aina gani, na ndani ya seli kile kipokezi kimeunganishwa na nini.

Mmarekani Earl Sutherland alikuwa akichunguza ini na adrenalini alipogundua kwamba ndani ya seli kuna mjumbe wa pili, molekuli ndogo iitwayo AMP duara, inayotengenezwa mara tu kipokezi kinapoguswa. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971 kwa kazi hiyo. Molekuli moja iliyogusa mlango inazaa wajumbe wengi ndani, na kila mjumbe anaamsha kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia, kinachofanya kazi mara nyingi. Mwenyekiti hapa anajua: simu moja ikitoka wilayani, yeye anawatuma vijana kumi, na kila kijana anagonga nyumba thelathini. Kati ya kipokezi na kiwanda cha wajumbe hao kuna protini nyingine, protini ya G, iliyowapatia Alfred Gilman na Martin Rodbell Nobel ya mwaka 1994. Protini ya G ina kitu cha thamani sana ndani yake: ina namna ya kujizima yenyewe baada ya muda mfupi. Naomba mlishike hilo, nitalirudia.

Vipokezi vingine havina wajumbe wa ndani. Vyenyewe ni milango. Mnajua pilipili, ile ndogo kali Waganda wanayoiita kamulali. Mwaka 1997 David Julius na wenzake walipata kipokezi kinachoguswa na ukali wake. Ni mlango ulioko kwenye neva za maumivu, yaani mishipa ya fahamu inayopeleka uchungu, na mlango huo huo hufunguliwa na joto la nyuzi 43 hivi. Ndiyo maana mdomo unasema "naungua" hata kama chakula ni cha baridi. Neva haina neno lingine. Julius alipata Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Na kuku? Kuku anaidonoa kamulali mbivu kama anavyodonoa mtama. Ndege wana mlango huo, unasikia joto, lakini hauna mahali pa kushikwa na ukali wa pilipili. Mbegu anazibeba, anaziangusha mbali na mmea mama. Mmea umewachagua wasafirishaji wake kwa kupitia protini moja.

Mlango ule ukifunguka kinachoingia ni chumvi, na hapo ndipo umeme unapoanza.

Watu wakisikia "umeme wa mwili" wanadhani kuna nyaya. Hakuna. Fikirini bwawa la Nalubaale pale Jinja, linalotoa umeme tangu mwaka 1954. Umeme ule unatokana na maji yaliyozuiwa upande mmoja wa ukuta, yanayotamani kushuka. Seli nayo ina ukuta wake, ule utando, na inachozuia ni ayoni, chembe za chumvi zenye chaji. Katika utando kuna pampu zinazofanya kazi mchana na usiku: kila mzunguko zinatoa ayoni 3 za sodiamu nje na kuingiza ayoni 2 za potasiamu ndani, na malipo yake ni molekuli moja ya ATP, nguvu inayotokana na chakula mlichokula asubuhi. Pampu hiyo aliigundua Jens Skou wa Denmark, akichunguza neva za miguu ya kaa, mwaka 1957. Nobel yake ilimfikia mwaka 1997, miaka arobaini baadaye.

Kwa kazi hiyo sodiamu inajaa nje, potasiamu inajaa ndani, na kwa kuwa potasiamu kidogo huvuja kurudi nje, ndani ya seli ya neva panabaki hasi, kama milivolti 70 chini ya nje. Mtasema milivolti 70 ni nini, hata tochi haiwaki. Lakini ukuta wenyewe una unene wa nanomita 5 tu, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Gawanyeni: inatoka kama volti milioni 14 kwa kila mita. Hewa hupasuka ikatoa cheche kwenye volti milioni 3 hivi kwa mita. Basi mtu akikaa kimya, anakunywa chai, kila neva yake imebeba mvutano unaozidi ule wa cheche zaidi ya mara nne. Bwawa limejaa, linangoja mlango.

Ujumbe ukija, milango ya sodiamu inafunguka, na sodiamu inaingia kwa kishindo. Ndani panageuka kutoka hasi 70 kwenda chanya 30 au zaidi kidogo, kwa muda wa milisekunde moja hivi. Kisha milango ya sodiamu inajifunga yenyewe, ya potasiamu inafunguka, potasiamu inatoka, hali inarudi. Lakini kishindo kile kimeishtua milango ya jirani, nayo inafunguka, na ya jirani yake, na kuendelea. Mmewahi kuona moto wa nyasi wakati wa kiangazi. Hauruki kutoka mwanzo hadi mwisho; kila bua linawasha bua la mbele. Na haurudi nyuma, kwa sababu huko nyasi zimekwisha kuungua. Neva nayo: mlango uliojifunga haukubali kufunguka tena papo hapo, kwa hiyo ujumbe unakwenda mbele tu. Tofauti ni kwamba nyasi za neva huota tena baada ya milisekunde chache. Alan Hodgkin na Andrew Huxley ndio waliopima haya yote kwenye neva nene ya ngisi, wakayachapisha mwaka 1952.

Mwendo wake unapishana. Neva zilizofungwa kanga ya mafuta hupeleka ujumbe hata mita 100 kwa sekunde, kwa sababu moto unaruka kutoka pengo hadi pengo la ile kanga. Zisizo na kanga hutembea, kama mita moja kwa sekunde. Ukijigonga kidole cha mguu kwenye jiwe, kwanza unapata uchungu mkali wa ghafla, halafu, ukiwa umeshasimama kwa mguu mmoja, linafika lile wimbi la pili, zito, linalounguza. Jeraha ni moja, habari zimepanda magari mawili.

Kuna wakati moto huo unawaka bila mpango, seli nyingi za ubongo zikilipuka kwa pamoja, mwili unaanguka na kutikisika. Hicho ni kifafa. Watoto wa Kitgum na Pader wenye ugonjwa wa kutikisa kichwa wana aina yake mojawapo. Nalitaja kwa haraka lakini nalitaja kwa uchungu: povu lile halimwambukizi mtu. Ni mate aliyoshindwa kumeza. Dawa kama karbamazepini zinafanya kazi kwenye ile milango ya sodiamu niliyowaeleza, zikiichelewesha kufunguka tena. Mtoto anayepata kifafa anastahili dawa, na anastahili sahani ile ile ya wenzake.

Na wavuvi wasione nimewasahau. Kasulu mnayemvua ziwani, yule mwenye pua ndefu, anatoa umeme mdogo mkiani na kuusoma kwa ngozi yake. Ndivyo anavyoona usiku kwenye maji ya matope. Kambare wa umeme wa mto Nile anatoa zaidi ya volti 300, na Wamisri wa kale walimchora makaburini. Kiungo chake kimejengwa na seli zilizopangwa mfululizo kama mawe ya tochi. Kila moja inatoa umeme mdogo kama wa seli yoyote; wingi na mpangilio ndivyo vinavyomwangusha mvuvi.

Sasa turudi kwenye neva yetu. Moto umefika mwisho wa bua. Mbele kuna seli ya msuli, na kati yao kuna pengo la nanomita 50 hivi. Katika ubongo mapengo ni madogo zaidi, kama 20. Umeme unaishia hapo. Habari inavukaje?

Hili liliwagombanisha wataalamu kwa miaka. Wengine walisema cheche inaruka, wengine walisema kuna kemikali. Otto Loewi, aliyekuwa akifundisha mjini Graz, Austria, aliota jaribio usiku, akaamka, akaandika kwenye kipande cha karatasi, akalala. Asubuhi hakuweza kuusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata ndoto ikarudi, na safari hii hakungoja. Aliondoka saa tisa usiku kwenda maabara. Alichukua mioyo miwili ya vyura, yote bado inapiga. Wa kwanza aliuacha na neva yake. Akaichokoza ile neva kwa umeme, moyo ukapunguza mwendo. Akachota maji ya chumvi yaliyouzunguka moyo ule, akayamimina juu ya moyo wa pili, usio na neva yoyote. Nao ukapunguza mwendo. Hapakuwa na waya kati yao, palikuwa na maji tu, na ndani ya maji palikuwa na neno. Aliyachapisha hayo mwaka 1921. Neno lile leo tunaliita asetilikolini, na Loewi alishiriki Nobel ya mwaka 1936 na Henry Dale.

Moyo ukisikia asetilikolini unapoa. Msuli wa mkono ukiisikia unakaza. Tezi za mate zikiisikia zinatoa mate. Mboni inabana. Kibofu kinasukuma. Mapafu yanabana njia zake na kutoa ute. Nawaona baadhi yenu mmeanza kutikisa vichwa. Ndiyo, ni orodha ya mjomba wangu.

Nielezee pale kwenye msuli, kwa sababu ndipo panapoonekana vizuri. Moto ukifika mwisho wa neva, milango ya kalisiamu inafunguka. Kalisiamu ikiingia, vifuko vidogo vilivyojaa asetilikolini vinajibandika ukutani na kumwaga vilivyomo, maelfu ya molekuli kwa kila kifuko. Zinavuka pengo, zinafungua vipokezi vya msuli, sodiamu inaingia, moto mpya unawaka, msuli unakaza. Umefumba jicho, au umeinua jembe.

Lakini ili uliinue jembe mara ya pili lazima kwanza msuli uachie. Asetilikolini ikibaki pale pengoni, itaendelea kugonga. Kwa hiyo pengoni humo mwili umeweka mfagizi, kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi. Ni miongoni mwa vimeng'enya vyenye kasi kuliko vyote tunavyovijua: kimoja hukata maelfu ya molekuli kwa sekunde. Neno linasemwa, linasikika, linafutwa, na pengo liko kimya tayari kwa neno jingine. Tunapofundisha wanafunzi huwa tunashangilia sana mwanzo wa ujumbe, milango inavyofunguka, na mfagizi tunampa mstari mmoja ubaoni. Naona tunamdhulumu. Bila ukimya kati ya pigo na pigo, hakuna mdundo.

Dawa za jamii ya oganofosfati, kama malathioni na dimethoeti, zinakwenda moja kwa moja kwa mfagizi huyo. Zinajibandika mahali pale pale anapokatia. Zilitengenezwa kwa ajili ya wadudu, lakini mfagizi wa mdudu na wa kwetu wanafanana mno. Zinapita kwenye ngozi, hasa ngozi yenye jasho na joto, na zinavutwa kwa pumzi. Mfagizi akishafungwa, kila neno lililosemwa linabaki linapigwa. Mate hayakomi. Kamasi hazikomi. Njia za hewa zinajaa maji. Msuli unachezacheza, halafu, kwa kuwa unaitwa bila kupumzika, unachoka na kulegea. Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Msuli unaochoka ukiwa wa mkono, mtu anaangusha jembe. Ukiwa wa kupumulia, anakufa.

Na atropini? Haimfungui mfagizi. Inakalia vipokezi vya tezi, vya mapafu na vya moyo, ili kelele ile isisikike. Ndiyo maana yule muuguzi alirudia kudunga huku akisikiliza kifua; alikuwa anangoja mapafu yakauke. Lakini vipokezi vya msuli wa mkono ni vya aina nyingine, atropini haivigusi. Mjomba alikauka mate, na nyama zake ziliendelea kucheza. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hii hata akionekana amepata nafuu lazima alindwe pumzi, na apelekwe penye oksijeni.

Mama pale amenyoosha mkono. Anauliza, maziwa je? Mama, asante kwa kuuliza, hata bibi yangu alileta maziwa. Dawa iliyopita mgongoni iko kwenye damu na kwenye mapengo ya neva. Maziwa yanakwenda tumboni, hayaonani nayo. Na mtu aliyejaa ute kooni ukimnywesha kitu, kinaweza kuingia mapafuni. Usimnyweshe, usimtapishe. Mvue nguo zote, hata kama ni mzee wa heshima, mfunike kwa kanga. Mwoshe kwa sabuni na maji mengi, nywele na kucha pia. Wewe unayemwosha vaa glavu, au mifuko ya plastiki mikononi, maana nguo zile zitakuumiza wewe. Mlaze kwa ubavu. Beba chupa ya dawa au karatasi yake uende nayo kituoni.

Nilisema nitarudi kwenye protini ya G. Hapa mpakani kipindupindu mnakijua. Bakteria yule haziui seli za utumbo. Sumu yake inaingia ndani na kuharibu ile namna ya kujizima ya protini ya G. Protini inabaki imewaka, AMP duara inajaa, milango ya kloridi inabaki wazi, chumvi inatoka na maji yanaifuata, mpaka lita moja kwa saa kwa aliyezidiwa. Ni ugonjwa wa ukoo mmoja na ule wa mjomba: ujumbe uliokosa wa kuuzima. Lakini kuna mlango mwingine kwenye seli hizo hizo ambao sumu haiugusi, unaoingiza sodiamu na sukari zikiwa zimeshikana mikono, na maji nyuma yao. Ndiyo siri ya ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari inayochanganywa na maji. Pakiti zikiisha kituoni: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Sukari imo humo kufungua mlango, utamu hauhusiki. Ukimpa chumvi peke yake, au ukizidisha chumvi, umeharibu. Endelea kumnywesha njiani mnapomkimbiza kituoni. Seli za utumbo huishi siku tatu mpaka tano kisha zinabadilishwa na mpya, kwa hiyo ukimvusha siku hizo kwa maji, mwili wenyewe unazitupa zilizoharibika.

Swali la mwisho kabla ya chai, kutoka kwa kijana mwenye kofia: mtu akipona sumu ya shambani anaweza kurudi kupiga dawa lini?

Ndugu yangu, hapo ndipo mjomba alipokosea mara ya pili, na sisi hatukujua kumzuia. Dawa ikishang'ang'ania muda mrefu, mfagizi yule hafunguki tena. Mwili unapaswa kutengeneza wengine wapya, na hilo ni kazi ya wiki nyingi, hata miezi. Katikati ya muda huo mtu anatembea, anakula, anacheka, lakini wafagizi wake ni wachache. Dozi ndogo ambayo zamani isingemfanya chochote sasa inamwangusha. Mjomba alirudi shambani siku ya tisa. Pampu ile ile. Hakumaliza hata mstari mmoja wa nyanya. Alipona tena, kwa bahati na kwa mkono wa muuguzi yule yule, na tangu hapo dawa hupigwa na mtoto wake, mwenye buti, glavu, kitambaa puani, na kifuniko chenye mpira mpya.

Nimeona pampu tatu pale nje chini ya mti. Chai isubiri kidogo. Njooni na maji matupu tuzijaze, kila mmoja ainame nayo kama anavyoinama shambani, tuone ni ipi inayovuja.